Kikalio kipya cha choo: plastiki laini, yurea au mbao?

Adui mkubwa wa kikalio cha choo katika nyumba zetu ni maji. Uzito wa mtu unafuata nyuma, tena kwa mbali. Chumba chenye choo cha kukaa ndicho hicho hicho tunachoogea, ndoo na kopo vikiwa pembeni au bomba la mvua likiwa juu ya kichwa. Tunatawaza kwa maji. Sakafu tunaimwagia maji na kuisugua kwa fagio. Kwa hiyo kikalio kinalowa asubuhi, kinalowa mchana, na kabla watu hawajalala kimelowa tena. Huku pwani, kuanzia Mombasa na Tanga mpaka Mtwara, ongeza chumvi: ya upepo wa bahari na ya maji ya kisima, ile inayobaki juu ya chuma maji yakishakauka.

Nalisema hili mapema kwa sababu maelezo mengi ya kuchagua kikalio yameandikiwa watu ambao sakafu ya choo chao hukaa kavu wiki nzima. Kule Uingereza mbao inasifiwa, na kwa haki, kwa kuwa haimshtui mtu kwa ubaridi asubuhi ya Januari. Ukiufuata ushauri huo Chumbageni ya Tanga au Likoni ya Mombasa, utakuwa dukani tena kabla mwaka haujaisha. Mimi husimamia vyumba vya kupangisha vya familia yetu hapa Tanga, na swali langu la kwanza dukani huwa moja: hiki kikilowa kila siku, kitaanza kuharibika wapi? Rangi, umbo na bei naviangalia baadaye.

Plastiki laini

Hiki ndicho kikalio kinachokuja pamoja na sinki jipya la choo la bei nafuu, na ndicho kinachoning'inia kwa wingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Kariakoo mpaka duka la mtaani. Kimetengenezwa kwa polipropilini. Kigeuze, na mara nyingi utaona pembetatu yenye namba 5, au herufi PP. Ni chepesi, na ukikishika pembe mbili ukakikunja kidogo kinakubali.

Kwa upande wa maji hakina tatizo lolote. Hakivimbi, hakiozi, hakibanduki rangi kwa sababu rangi yenyewe imo ndani ya plastiki. Kikianguka kwenye vigae mara nyingi unakiokota kizima. Na kwa kuwa kinapinda, kinamsamehe mtoto anayekidondosha kwa nguvu kila anapomaliza haja.

Udhaifu wake ni kule kule kupinda. Kila mtu anapokaa, kikalio chembamba hutanuka kidogo, na mtu akijigeuza upande mvutano wote unaishia penye bawaba. Huko ndiko ufa unakoanzia. Ufa wa kikalio ni jambo la kushughulikiwa haraka: mtu akikaa unafunguka, akiinuka unafumba, na unambana ngozi ya paja. Uchafu nao huingia mle na brashi haiufikii. Gundi haisaidii, kwani polipropilini haishikani na gundi za kawaida. Nimeona mafundi wakijaribu, na kazi yao haijawahi kumaliza mwezi.

Pia kinakwaruzika. Stilwaya ikipita juu yake inaacha mistari, na mistari hiyo inashika uchafu mpaka kikalio cheupe kionekane kichafu hata kikiwa kimetoka kuoshwa. Choo chenye dirisha linaloingiza jua hukifanya kiwe cha njano haraka zaidi.

Lakini plastiki laini si aina moja. Kipo chembamba ambacho ukikigeuza unaona uwazi mtupu na mbavu chache, na kipo kinene, kizito zaidi, chenye mbavu za karibu karibu au kilichofunikwa chini. Tofauti ya bei kati yao si kubwa kama tofauti ya maisha yao. Ukiwa na fedha ya plastiki tu, nunua ile nene.

Yurea

Boksi lake huandikwa UF, kifupi cha urea-formaldehyde, na vile vinavyotoka Ulaya huandikwa pia Duroplast. Ni plastiki ngumu inayopikwa mara moja ndani ya kalibu na baada ya hapo haiyeyuki tena kwa moto. Kwa mkono utaitambua papo hapo: ni nzito, mara nyingi kilo 2 au zaidi pamoja na mfuniko, inang'aa kama kauri ya sinki lenyewe, na haikunjiki hata kidogo. Njia rahisi ya kuzitofautisha dukani ni kugonga kwa kifundo cha kidole: plastiki laini inalia kama beseni, yurea inalia kama sahani.

Sehemu kubwa ya vyoo ninavyovisimamia nimevifunga yurea, na sababu ni uso wake. Ni mgumu, haukwaruziki kirahisi, hivyo kitambaa na sabuni ya kawaida vinatosha kuusafisha. Weupe wake unadumu. Haupindi mtu anapokaa, kwa hiyo bawaba haziumizwi kila siku. Kwa maji hauna wasiwasi.

Kasoro ni kwamba yurea haijui kupinda, na kisichopinda huvunjika. Ikiponyoka mkononi wakati wa kufunga ikagonga kigae, inaweza kumeguka ukingo, na hapo hakuna cha kufanya. Mtu akiipanda kwa miguu na kuchuchumaa juu yake, jambo linalotokea sana kwa wageni waliokulia kwenye choo cha kuchuchumaa, inaweza kupasuka vipande viwili chini yake, na kingo za vipande hivyo ni kali. Hapa sisemi kwa kumlaumu mgeni. Kuchuchumaa ni desturi safi, na mtu hapendi kugusisha mwili wake pale walipokaa wengine. Ukijua nyumba yako inapokea watu wa namna hiyo mara kwa mara, mwonyeshe mgeni kwa upole namna ya kuinua kikalio kabisa, au funga plastiki nene badala ya yurea.

Jambo jingine linaloua yurea ni dogo sana: vile vipira vinne vya chini. Kazi yao ni kupokea uzito na kuushusha kwenye kauri. Kipira kimoja kikibanduka, kona ile inabaki hewani, uzito unakimbilia bawaba na kona ya mkabala, na kitu kisichopinda hakiwezi kuvumilia hali hiyo. Kwenye plastiki laini utaona tu kikalio kinacheza. Kwenye yurea siku moja utasikia mlio. Vigeuze vikalio vyako leo uhesabu vipira. Vinauzwa peke yake kwa bei ndogo sana, na vya kubandika vinapatikana.

Mbao, na vile vya sponji

Mbao za vikalio ziko za aina mbili, na muuzaji mara nyingi hazitofautishi. Ya kwanza ni mbao halisi iliyopakwa vanishi. Ya pili, ambayo ndiyo nyingi, ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi kisha zikapakwa rangi nzito. Hii ya pili dukani inavutia mno: nzito, imetulia, uso wake laini. Ila skrubu za bawaba zimetoboa rangi, na maji huingia kupitia matundu hayo. MDF ikinywa maji inavimba, rangi inatoka malengelenge, kisha inamenyuka, na mle ndani mkojo unakaa. Katika choo kinachoogewa, ninashauri usiinunue kabisa.

Mbao halisi inavumilia zaidi, na kwa nyumba ya Njombe, Mbeya au Limuru, penye baridi ya kweli asubuhi na choo kikiwa mbali na bafu, ina raha yake. Itadai vanishi mpya kila inapoanza kuchakaa.

Vya sponji vilivyovalishwa ngozi ya plastiki viache. Ngozi inachanika, sponji inanyonya, na harufu haitoki.

Bawaba na boli

Watu wengi wanatumia nguvu zao zote kuchagua kikalio na kusahau vyuma vinavyokishika. Kwangu mimi hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa sababu kikalio cha bei yoyote kikishafungwa kwa boli za kutu kinakuwa cha bei rahisi.

Boli za chuma kilichopakwa rangi ya fedha zinang'aa dukani. Huku pwani hazikawii. Kutu inaanza chini ya kichwa cha boli, inashuka na kuchora mstari wa kahawia kwenye kauri, na mwishowe nati na boli vinakuwa kitu kimoja. Beba sumaku ndogo ukienda kununua, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa boli kwa nguvu, rudisha. Chuma cha pua kinachotumika kwa kazi hizi kwa kawaida hakinaswi, au kinanaswa kidogo tu.

Boli za plastiki wengi wanazidharau, nami nazitetea. Hazipati kutu hata zikilala ndani ya maji ya chumvi. Siku ya kubadilisha zinakatika bila ugomvi. Udhaifu wao ni meno: ukizikaza kupita kiasi yanalika, na zikilegea kidogo kikalio kinaanza kuhama kulia na kushoto. Kwa hiyo mwenye boli za plastiki azikaze kwa mkono kila baada ya miezi michache. Mwenye boli za chuma cha pua anafanya hivyo kwa nadra.

Bawaba zenyewe nazo zina aina. Kuna za kawaida, ambazo mfuniko ukiuachia unadondoka kwa kishindo. Kuna zinazoshuka polepole. Ndani yake mna visilinda vidogo vyenye mafuta mazito yanayopunguza kasi. Faida yake si anasa. Kikalio kisichodondoka hakipasuki, na vidole vya mtoto vinasalimika. Nyumba yenye watoto wadogo ningeipa hizi kabla ya kufikiria jambo jingine lolote. Adui wao ni mkono wenye haraka: mtu akiulazimisha mfuniko ushuke, visilinda vinakufa, na tangu hapo unadondoka kama wa kawaida. Waeleze wa nyumbani kwamba ukishausukuma kidogo, unauacha.

Na kuna bawaba zenye kitufe cha kuchomolea. Unabonyeza, kikalio chote kinatoka mkononi, unakwenda kukiosha karoni, kisha unakirudisha kwa kukibonyeza juu ya vishikizo vyake. Mtu aliyewahi kusugua ule uchafu wa njano unaojificha kuzunguka boli, mahali pasipofikiwa na brashi wala kitambaa, ataelewa kwa nini naweka kitufe hiki mbele ya urembo wote. Nikiwa na fedha ya nyongeza kwa jambo moja tu, naipeleka hapa.

Kipimo, ili usirudi dukani

Chukua futi kamba na upime mara tatu. Kwanza, kutoka katikati ya tundu moja la boli hadi katikati ya jingine. Masinki ya mtindo wa Ulaya mengi yako karibu na sentimita 15.5, bawaba nyingi zinasogezwa kidogo kulia au kushoto, kwa hiyo milimita chache si tatizo. Pili, kutoka mstari wa matundu hadi ncha ya mbele ya sinki. Tatu, upana pale sinki linapotanuka zaidi.

Ndugu zetu walioko Marekani wana kazi rahisi zaidi: matundu ni sentimita 14, na maumbo makubwa ni mawili, la duara lenye urefu wa karibu sentimita 42 na refu la karibu sentimita 47. Hapa kwetu masinki yametoka China, India, Uturuki na Ulaya, kila moja na umbo lake, na ndiyo maana namba pekee hazitoshi. Lalisha kipande cha boksi juu ya sinki, pitisha kalamu ukingoni kwa chini, toboa penye matundu, kikate, na uende nacho dukani. Hakikisha kikalio kinalala sawa juu ya boksi ulilokata kabla hujatoa fedha. Sinki la umbo la D au la pembe nne halipokei kikalio cha yai: ncha zitaning'inia nje, vipira vitakosa kauri, na umeshaona hapo juu nini kinafuata.

Kisha ingiza mkono chini ya sinki, nyuma, penye matundu. Vidole vikiyafikia, unahitaji boli za kawaida zenye nati ya chini. Pakiwa pamezibwa, kama ilivyo kwa masinki mengi yaliyogota ukutani au yaliyoungana na tangi lake, unahitaji boli zinazofungwa kutoka juu, zenye kipande cha mpira kinachotanuka ndani ya tundu unapokaza skrubu. Wauzaji wachache sana watakuuliza hili, kwa hiyo liseme wewe kwanza.

Kutoa cha zamani na kufunga kipya

Kazi hii haihitaji fundi bomba, isipokuwa kutu ikiwa imeshinda. Hakuna maji ya kufunga wala bomba la kugusa. Shika boli kwa juu na bisibisi, fungua nati kwa chini kwa mkono au kwa spana. Boli iliyogoma ipakwe mafuta ya kulegeza kutu, au mafuta ya taa, uiache usiku kucha. Ikikataa bado, bandika tepu nene juu ya kauri na ukate boli kwa msumeno wa chuma, polepole. Usigonge kwa nyundo. Kauri ikipasuka utakuwa umebadilisha kazi ya kikalio kuwa kazi ya sinki zima.

Safisha matundu vizuri kabla ya kuweka kipya. Ndiyo siku pekee utakayoyafikia. Weka washa za mpira pande zote mbili ili chuma kisiguse kauri. Kaza nati nusu, keti, sogeza kikalio mpaka kikae sawa na ukingo wa sinki, inuka, ndipo ukaze mpaka mwisho: kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa plaizi, basi. Hakikisha pia kwamba mfuniko ukiinuliwa unalala nyuma kwenye tangi. Ukibaki wima bila kuegama utarudi chini wenyewe, na kwa mtoto wa kiume anayejifunza kukojoa akiwa amesimama hilo ni hatari ya kweli.

Kwa nani, na kwa mfuko upi

Kwa nyumba ya familia inayoogea chooni, chaguo langu ni yurea yenye boli za chuma cha pua na bawaba za kitufe, zinazoshuka polepole kama kuna watoto. Kwa vyoo vinavyotumiwa na watu wengi, hata vya kupangisha, ambako hujui nani ataketi na nani atapanda, ni plastiki nene yenye boli za plastiki. Kikivunjika hakimkati mtu, na cha kubadilisha ni bei ndogo. Mpangaji anayenunua kwa fedha yake akihifadhi cha mwenye nyumba anaweza kukirudisha siku ya kuhama na kuondoka na chake.

Mzee mwenye magoti mabovu asisahauliwe katika hesabu hii. Kwake ubora wa plastiki ni jambo la pili; la kwanza ni kimo. Vipo vikalio vya kuinua, vinavyoongeza sentimita 5, 10 au hata 15, na vingine vina mikono ya kushikia pembeni. Vinapatikana zaidi katika maduka ya vifaa vya hospitali. Chagua kile kinachofungwa kwa skrubu au kishikizo, kwani kile cha kupachika tu kinaweza kuteleza mzee anapojisukuma kuinuka. Mpimie akiwa amekaa: nyayo zote mbili zifike chini bila kunyoosha vidole.

Dawa za usafi zinafupisha maisha ya vikalio vyote hivi kuliko watu wanavyodhani. Asidi ya choo ni ya ndani ya sinki. Ikidondokea kikalio au bawaba, imwagilie maji mara moja. Ukiweka jiki ndani ya sinki, acha mfuniko wazi mpaka umwage maji, maana mvuke wake ukifungiwa unakula vyuma vya bawaba, hata vya chuma cha pua, na kuigeuza plastiki rangi. Na jiki na asidi zisikutane kamwe: zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu, na chumba chenye dirisha dogo hakina pa kuitolea.

Risiti na boksi vitunze mpaka kikalio kikae sawa, na cha zamani usikitupe siku hiyo hiyo. Kitumie kipya siku chache, watu wote wa nyumba wakikalie. Kama hakichezi, hakilii na vipira vyote vinne vinagusa kauri, chomoa vipira na washa nzima kutoka kile cha zamani uviweke kwenye kopo pamoja na skrubu zako, ndipo kiende jalalani.